Ng'ombe wa Muindi Mbingu

Kwa miaka minne nilikuwa nikishuka matatu tao na kukata Barabara ya Muindi Mbingu, mbio mbio, nisichelewe darasani. Huyo Muindi alikuwa nani? Sikujua, na sikuuliza. Pale pale kuna City Market, na ndani yake mabucha yenye nyama inayoning'inia kwenye kulabu. Nilikuja kujua baadaye kwamba lile jina la barabara na ile nyama vina historia moja.

Mwaka ni 1938. Kampuni ya Liebig, iliyojitajirisha kwa kusindika nyama Amerika Kusini, imefungua kiwanda Athi River, kando ya reli. Kiwanda kama hicho kinataka ng'ombe wengi, tena wa bei ya chini. Wakati huo huo, serikali ya kikoloni inalalamika kwamba mifugo ya Wakamba imezidi, inamaliza nyasi na udongo unamomonyoka. Haisemi kwamba sehemu kubwa ya malisho hayo imeshachukuliwa na walowezi. Dawa yake ni moja: mifugo ya Machakos ipunguzwe, kwa lazima. Ng'ombe wakakamatwa na kupigwa mnada kwa bei ya kutupa.

Lakini kwa Mkamba, ng'ombe alikuwa mahari ya kijana wake, na akiba ya mwaka ambao mvua imekataa kunyesha. Ukimchukua, umevunja benki ya mtu. Julai mwaka huo, mamia ya watu, wanaume kwa wanawake, watoto pia, walielekea Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu. Walipiga kambi Kariokor, wakakaa kwa majuma kadhaa wakitaka Gavana awasikize. Waingereza walikuwa na sababu ya kuingiwa na baridi: Wakamba walikuwa wengi katika jeshi na polisi. Muindi alikamatwa, akapelekwa kizuizini Lamu. Hata hivyo, kufikia mwisho wa mwaka kulazimishana kuuza ng'ombe kulikuwa kumekoma.

Kiwanda hakikuondoka. Mwaka 1950 iliundwa Tume ya Nyama ya Kenya, KMC, ikakirithi. Baada ya uhuru nyama yake ya mkebe ilisafiri hadi ng'ambo. Kisha madeni na usimamizi mbovu vikaiandama, na katika miaka ya 1990 milango ikafungwa. Ilifunguliwa tena 2006, na 2020 ikakabidhiwa Wizara ya Ulinzi.

Na sisi je, tulikosa nyama miaka ile kiwanda kimelala? Wapi! Machinjio ya Dagoretti yaliendelea kulisha jiji, mbuzi wakatoka Kiamaiko, na bucha la mtaani halikufunga. Wengine wetu tulipopata kamshahara tulilihama, tukaenda kununua nyama iliyofungwa vizuri supamaketi. Halafu, Julai 2019, taarifa ya runinga ikadai kwamba baadhi ya maduka makubwa yanaitia nyama kemikali ili ionekane bado mbichi. Jioni hiyo nilirudi kwa mzee wa bucha letu kama mwana mpotevu.

"Umepotea sana, kijana," akasema, kisu mkononi.

"Kazi, mzee. Nipimie nusu. Mifupa usiweke mingi."

Sikuja na imani kipofu. Niliangalia kama kuna muhuri wa mkaguzi, nikanusa kidogo. Halafu nikauliza swali ambalo sikuwahi kuuliza: huyu ng'ombe ametoka wapi?

"Kajiado," akasema. Alimjua aliyemleta, na bei aliyolipwa. Akaongeza kwamba wakati wa kiangazi mfugaji huuza kwa hasara kwa sababu hana la kufanya.

Nililipa, nikachukua nyama yangu. Siku hizi nikipita Barabara ya Muindi Mbingu hupunguza mwendo. Watu wale hawakutembea hadi Nairobi kwa sababu ya kitoweo. Walitaka mwenye ng'ombe awe na sauti kuhusu ng'ombe wake. Nami kila nikisimama mbele ya mizani nauliza: aliyemfuga huyu aliuza kwa kupenda, au alisukumwa?