Picha za kuchanganya wahusika wa katuni: zinatoka wapi, zinachorwaje?

Huenda umeshatumiwa kwenye kundi la WhatsApp picha ya treni ndogo ya buluu yenye uso wa mtu, inaruka angani huku ikitema moto. Mtoto anacheka, mzazi anashangaa. Katika makala haya tunaeleza picha za namna hiyo ni nini, unavyoweza kuchora yako na mambo ya kuangalia.

Zilikoanzia

Treni hiyo inaitwa Thomas. Ilibuniwa na mchungaji Mwingereza, Wilbert Awdry, na ikatokea kitabuni mwaka 1946. Mwaka 1984 iliingia kwenye televisheni. Mwaka 2018 kipindi kiliongeza treni kutoka nchi mbalimbali, akiwamo Nia wa Kenya, mwenye jina la Kiswahili.

Mwaka 2013 shabiki mmoja aliubadilisha mchezo wa kompyuta uitwao Skyrim. Aliyaondoa majoka ya kutisha, mahali pake akamweka Thomas. Video zake zilisambaa, na Thomas amekuwa akibandikwa kila pahala.

Kwa nini tunacheka?

Kwa sababu vitu viwili visivyopatana vimekutanishwa: treni ya watoto na vita vya majoka. Jambo hili si geni kwetu. Abunuwasi alikuwa mshairi wa Baghdad, lakini wasimulizi walimfanya mjanja wa hadithi zetu.

Chora yako

1. Chagua wahusika wawili wanaojulikana na watu wako, kutoka hadithi zilizo mbalimbali.

2. Wape tukio moja. Kwa mfano, wanyama wamechimba kisima na mlinzi ni Thomas, amekwama kwenye tope. Sungura anakuja na kibuyu cha asali kumlaghai.

3. Usiwabadilishe sura. Thomas abaki na namba 1 ubavuni. Asipotambulika, hakuna wa kucheka.

4. Chora kwa penseli, pitisha kalamu ya wino, kisha piga picha mchana karibu na mlango au dirisha. Bando utalihitaji wakati wa kutuma tu.

Kwa wazazi

Si kila treni yenye uso ni ya watoto. Mwaka 2022 ulitoka mchezo wa kutisha, Choo-Choo Charles, wenye treni ya miguu ya buibui inayowinda watu. Huyo si Thomas, ila mtoto mdogo anaweza kuwachanganya. Kwa hiyo, kuona katuni kwenye kioo kusitutoshe kumwachia simu. Akiogopa, tusimcheke. Tumuulize ameona nini, kisha tuchore naye jitu hilo likiwa limevaa kanga au linamenya viazi. Akilichekesha mwenyewe, hofu hupungua.

Kabla ya kuuza

Kuchora nyumbani kwa kujifurahisha ni tofauti na kufanya biashara. Thomas ana wamiliki. Kumchapa kwenye fulana za kuuza, au kumchora kwa malipo kwenye ukuta wa shule ya chekechea, kunahitaji ruhusa yao. Tanzania ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, na Kenya ya mwaka 2001.

Sungura wa hadithi za bibi na babu hana mmiliki. Ukitaka kuuza michoro yako, anza na yeye, lakini mchore kwa mkono wako, usinakili mchoro wa mtu mwingine.