Kifafa: Jina Lililotungwa na Watazamaji

Nikiwa kidato cha pili, msichana mmoja darasani kwetu alianguka kifafa katikati ya somo. Wasee wote tulihepa. Mtu akapiga kelele, "Msiguse hilo povu!" na tukaamini. Alipozinduka alikuwa peke yake sakafuni, sisi tukimchungulia dirishani. Hiyo picha haijawahi kunitoka.

Juzi nikajiuliza, huu uoga tuliutoa wapi? Nikaanza na jina lenyewe. Sema "kifafa" polepole, utasikia kufa humo ndani. Halafu cheki vile tunaongea: mtu "ameshikwa" na kifafa, ama "ameanguka" kifafa. Kufa, kushikwa, kuanguka.

Kumbe hatuko peke yetu. Neno epilepsi linatokana na kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kukamata. Amekamatwa na nani? Wengi walisema ni miungu, ndio maana ukaitwa ugonjwa mtakatifu. Wababeli, karibu miaka 3,000 iliyopita, waliandika dalili zake kwenye vibao vya udongo na kulaumu mapepo. Warumi nao waliuita ugonjwa wa mkutano, kwa sababu mtu akianguka siku ya baraza la wananchi, kikao kilivunjwa. Hebu fikiria: mtu anaugua, na jina linabeba usumbufu wa waliokuja kupiga kura!

Hayo majina yote yalitungwa na watu waliosimama kando wakiangalia. Mgonjwa hakuulizwa kitu.

Na si ati ukweli haukuwepo. Miaka kama 400 kabla ya Kristo, kitabu kimoja cha Kigiriki kinachohusishwa na Hippocrates kilisema wazi kwamba ugonjwa huu si mtakatifu kuliko mengine, na kwamba chanzo chake ni ubongo. Leo tunajua ni umeme wa ubongo unaovurugika kwa muda. Dawa ya fenobabitoni imetumika tangu 1912, na bado inatumika.

Lakini uoga ni noma kuliko ugonjwa. Mahenge, Tanzania, daktari Louise Jilek-Aall alianza kutibu watu wenye kifafa karibu mwaka wa 1960. Alikuta watu wakiamini kwamba mate ya mgonjwa yanaambukiza. Mtu akiangukia moto, waliokuwa karibu waliogopa kumvuta. Wengine walibaki na makovu mabaya ya moto. Hayo makovu hayakuletwa na kifafa peke yake.

Sisi darasani tulifanya tofauti gani?

Korea Kusini walibadilisha jina la zamani lililokuwa na aibu, wakaweka jipya linalotaja umeme wa ubongo. Mimi sidai tuache neno kifafa. Nadai tuache kuwa watazamaji. Kifafa hakiambukizi, povu ni mate tu. Ondoa vitu vigumu karibu naye, weka sweta chini ya kichwa, mgeuze alale ubavu. Usimtie kijiko mdomoni, usimshikilie kwa nguvu. Angalia saa: zikipita dakika 5, tafuta gari la hospitali. Na ukitoa simu, iwe ni ya kuita msaada, si ya kurekodi.

Na wewe tuliyekuacha sakafuni, kama unasoma hii, pole sana. Tulifaa kubaki.