Ukurasa Upi Utolewe? Miaka 60 ya Kubana Kumbukumbu ya Kompyuta

Desemba 1962, Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, kilizindua kompyuta ya Atlas. Kumbukumbu yake ya haraka ilikuwa ndogo na ghali, hivyo timu ya Tom Kilburn ikaigawa katika kurasa za maneno 512 kila moja. Kurasa zisizo na nafasi zilikaa kwenye ngoma za sumaku zilizokuwa zikizunguka pembeni. Programu ilidhani ina kumbukumbu moja kubwa, kumbe mashine ilikuwa ikihamisha kurasa kimyakimya. Hapo likazuka swali linalowasumbua wahandisi hadi leo: nafasi ikiisha, ukurasa upi utolewe?

Mwaka 1966 László Bélády wa IBM alionyesha jibu bora: toa ule utakaochelewa zaidi kuhitajiwa tena. Lakini hakuna kompyuta ijuayo ya kesho. Kilichobaki ni kubashiri kwa kutazama ya jana, kwamba ukurasa usioguswa kwa muda mrefu huenda hautaguswa karibuni.

Ubashiri mbaya una gharama. Mwaka 1968 Peter Denning alieleza kwa nini mashine zenye programu nyingi zilikuwa zikizorota ghafla: kila programu ilinyang'anya kurasa za mwenzake, na muda wote ukaishia kwenye kuhamisha. Dawa yake ilikuwa kuiachia kila programu kurasa inazozitumia kwa wakati huo; kurasa zisipotosha programu zote, moja isubiri.

Mfumo endeshi wa Linux, uliozaliwa 1991, ulirithi swali hilohilo. Katika toleo la 2.4, mwaka 2001, mvutano ulikuwa mkali kiasi kwamba usimamizi wa kumbukumbu ulibadilishwa katikati ya matoleo yaliyotarajiwa kuwa tulivu. Kurasa zilipangwa katika foleni mbili, zinazotumika na zilizopoa. Mwaka 2008 kurasa za mafaili zikatengwa na za programu zenyewe. Mbinu zote zikigonga mwamba, kiini cha mfumo huchagua programu na kuiua.

Desemba 2022, Linux 6.1 ilipokea kazi ya Yu Zhao wa Google. Badala ya foleni mbili, kurasa hupangwa kwa vizazi kulingana na umri, na zilizo jirani hukaguliwa kwa pamoja badala ya kufuatiliwa mojamoja. Google ilieleza kwamba kwenye vifaa vya Chrome OS na Android, vinavyotumia Linux, muda wa prosesa uliotumika kutafuta kurasa za kutoa ulipungua kwa asilimia 40.

Jibu la Bélády bado halijafikiwa. Kilichopungua ni gharama ya kubashiri, na kwa mwenye simu ya kumbukumbu ndogo, hiyo ndiyo huamua kama programu aliyoiacha punde ataikuta ilipo au itaanza upya.