Tairi na Njia Yake

Kibirizi ni bandari ndogo ya Ziwa Tanganyika, kaskazini ya mji wa Kigoma, nayo yajulikana zaidi kwa maboti yaendayo Gombe na Kagunga, na kwa dagaa waanikwao juani, kuliko kwa magurudumu. Lakini abiria ashukaye botini na mizigo yake hana budi apande kitu, na siku hizi kitu hicho mara nyingi ni pikipiki. Mwendeshaji wake hupita katika njia za namna mbili kwa siku moja: lami ya mjini, na udongo ambao mvua huugeuza utelezi. Anaponunua tairi hununua moja tu kwa njia hizo mbili. Swali lake, la tairi gani lifaalo, ladhaniwa kuwa jambo dogo la mafundi. Kumbe lina historia ndefu, na sehemu ya historia hiyo yahusu nchi zilizoko pande zote mbili za ziwa hilo.

Tairi lenye upepo ndani yake lilibuniwa mara mbili. Mwaskoti R. W. Thomson alipata hati ya uvumbuzi huo katika mwaka 1845, akiwaza magari ya farasi. Lakini mpira ulikuwa ghali, na baisikeli ya kuuhitaji ilikuwa bado, basi kazi yake ikasahauliwa. Katika mwaka 1887 John Boyd Dunlop, tabibu wa wanyama aliyekaa Belfast, akaanza upya, akitengeneza magurudumu ya baisikeli ya miguu mitatu ya mwanawe. Wengi hawakusadiki mpaka walipoona mashindano. Tarehe 18 Mei 1889 Willie Hume aliingia uwanjani Belfast juu ya matairi ya upepo, ilhali wenzake walipanda mpira mgumu, naye akawashinda. Tangu siku hiyo uwanja wa mashindano ukawa mahali pa kuhukumia matairi.

Furaha ile ya Ulaya iliwafikia watu wa Afrika kwa sura nyingine. Mbegu za mpira zilizotolewa Brazili na Henry Wickham katika mwaka 1876 zilikuwa hazijazaa mashamba makubwa ya Asia, hivyo viwanda vilitegemea mpira wa porini. Ng'ambo ya ziwa ilikuwa Dola Huru ya Kongo, milki ya Mfalme Leopold wa Pili tangu mwaka 1885. Mavuno makubwa yalitoka misitu ya mbali, upande wa magharibi, yakashuka kwa mto Kongo hata baharini. Lakini utawala ulikuwa mmoja. Vijiji vilipangiwa vipimo vya utomvu. Wanawake walizuiliwa kama rehani mpaka waume zao watimize vipimo hivyo, na watu walikatwa mikono. Taarifa ya Roger Casement ya mwaka 1904 iliwaonyesha walimwengu mambo hayo, na katika mwaka 1908 Ubelgiji ikamnyang'anya mfalme nchi hiyo. Waliotoa mpira hawakuulizwa tairi lipi lifaalo, wala njia ipi.

Upande wa mashariki, Wadachi walipanda mpira wa namna nyingine, uitwao wa Ceará, hasa katika mashamba ya Usambara na Morogoro. Bei ilipanda sana katika mwaka 1910, kisha mpira wa Asia ukajaa sokoni, na katika mwaka 1913 mashamba hayo yakaanguka. Reli ya kati ilifika Kigoma mwanzoni mwa mwaka 1914, yaani baada ya anguko hilo. Mpira ule ulikumbukwa tena katika vita kuu ya pili: Wajapani walipoiteka Malaya katika mwaka 1942, mashamba yaliyoachwa Tanganyika yalifufuliwa, na watu wakaandikwa kwa amri kwenda kugema. Kwa mara ya pili matairi ya wengine yalidai jasho la watu ambao wengi wao walikwenda kwa miguu.

Wakati huo maarifa ya kuchagua tairi yalikuwa yakiendelea. Mashindano ya pikipiki ya kisiwa cha Man, yaliyoanza mwaka 1907, yalikimbiwa katika barabara za vumbi na mawe, na tairi bora lilikuwa lile lisilotoboka. Baadaye mpira ulichanganywa na masizi, ukawa mweusi na mgumu wa kulika. Barabara zilipotiwa lami, waendeshaji wakajifunza kwamba mpira laini hushika njia vizuri lakini huisha upesi, na mpira mgumu hudumu lakini huteleza. Katika miaka ya 1970 matairi laini yasiyo na meno hata kidogo yaliingia katika mashindano makubwa ya pikipiki. Sababu yake ni rahisi: pasipo mifereji, mpira mwingi zaidi hugusa ardhi, na ukiisha kupata moto hunata. Lakini mvua ikinyesha, maji hayana pa kutokea. Hukaa baina ya tairi na njia, na pikipiki huelea. Kwa hiyo timu za mashindano huja na matairi ya jua na ya mvua, zikibadilisha kwa kutazama mbingu.

Mtu wa kawaida hawezi kufanya hivyo. Katika nchi nyingi ziko siku ambazo wenye pikipiki zao hulipa ada wakapewa uwanja wa mashindano waendeshe mbio kwa salama. Mwingi wa hao hufika uwanjani kwa pikipiki ile ile na kurudi nayo nyumbani, basi huhitaji tairi lenye meno ya kutosha kwa barabara ya mvua, na laini ya kutosha kwa kona za uwanja. Watengenezaji wamejibu kwa tairi lenye mpira mgumu katikati, panapolika kwa safari iliyonyoka, na laini pembeni, panapogusa ardhi pikipiki inapolala katika kona. Shida yao na ya mwendeshaji wa Kibirizi ni moja: tairi moja, njia mbili.

Afrika Mashariki nayo ilikuwa na uwanja wake wa kuhukumia, ingawa wa magari. Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 katika Kenya, Uganda na Tanganyika, yalipitia matope na vumbi pamoja. Katika mwaka 1963 magari 84 yalianza, yakamaliza 7 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Arusha ikapata kiwanda chake cha matairi, General Tyre, lakini nacho kilisimama kabla ya mwaka 2010.

Historia hii yafundisha kwamba tairi halina ubora wa peke yake. Ubora wake ni njia litakayopita. Yafundisha pia jambo la pili, ambalo ni rahisi kulisahau. Tairi lisilo na meno la uwanjani na tairi kipara la bandarini hufanana kwa macho. La kwanza limefanywa hivyo makusudi, ni jipya, lina unene wake wote, na huondolewa wingu likitanda. La pili limelika likakaribia nyuzi, ugumu umelikausha, na mwenyewe huliendesha hata katika mvua kwa kuwa bei ya jipya ni chakula cha siku nyingi. Kumwambia huyo kwamba amechagua vibaya ni kusema nusu ya kweli. Uchaguzi huhitaji maarifa, nayo mara nyingi anayo. Lakini huhitaji pia vitu viwili vya kuchagulia. Nyuma yake, katika mvua hiyo, amekaa abiria aliyeshuka botini.