Chakula cha Shuleni au cha Kutoka Nyumbani: Mambo ya Kuzingatia kwa Wazazi wa Kinondoni na Temeke

Tangu Januari 2016, Serikali inagharamia elimumsingi bila malipo kwa mujibu wa Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015. Hata hivyo, si kila gharama ya mtoto ilihamia serikalini. Sare, madaftari na chakula cha mchana cha mwanafunzi wa kutwa vilibaki mikononi mwa mzazi, na Waraka Na. 3 wa mwaka 2016 ulifafanua mgawanyo huo wa majukumu. Katika kata za pembezoni mwa Dar es Salaam, kama vile Chamazi, Charambe na Toangoma wilayani Temeke, au Bunju, Wazo na Mabwepande wilayani Kinondoni, jukumu hilo humkabili mzazi kila siku ya masomo: mtoto ale nini kati ya asubuhi anapotoka nyumbani na alasiri anaporejea.

Mjadala huu kwa kawaida huelezwa kama uchaguzi wa mambo mawili, yaani chakula kinachopikwa shuleni au kile anachobeba mtoto kwenye hotipoti. Kwa hakika ipo njia ya tatu, nayo ndiyo rahisi kuliko zote: mtoto kupewa sarafu na kujinunulia nje ya geti. Kachori, mihogo ya kukaanga, ubuyu, barafu na juisi za rangi hutuliza njaa kwa muda, lakini nyingi kati yake ni wanga, mafuta na sukari. Zaidi ya hayo, mzazi hajui maji yaliyotumika yametoka wapi. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Kinondoni Agosti 2015 na kuenea katika mikoa mingine uliwakumbusha wakazi wa jiji hatari ya chakula na maji yasiyo salama. Kwa hiyo, anayelinganisha jiko la shule na hotipoti anapaswa pia kuhesabu fedha anayompa mtoto kila asubuhi, kwa kuwa mara nyingi hiyo ndiyo fedha ambayo ingetosha kuchangia chungu cha pamoja.

Hesabu ya chungu hicho si ngumu. Mlo wa gramu 120 za unga wa mahindi, gramu 30 za maharage na gramu 5 za mafuta humpatia mtoto wa miaka 7 hadi 10 nguvu inayokaribia theluthi moja ya mahitaji yake ya siku. Kwa siku 194 za masomo katika mwaka, mwanafunzi mmoja huhitaji takriban kilo 23 za unga na kilo 6 za maharage. Shule yenye wanafunzi 1,000, idadi isiyo ya ajabu Mbagala, huhitaji kilo 120 za unga na kilo 30 za maharage kila siku moja.

Hapa ndipo mji unapotofautiana na kijiji. Mzazi wa kijijini anaweza kupeleka debe la mahindi baada ya mavuno na kumaliza mchango wa mwaka mzima. Mzazi wa Chamazi hana shamba, na wengi hupata kipato cha siku kwa siku kwa biashara ndogo, bodaboda au vibarua. Kumtaka atoe mchango wa muhula kwa mkupuo ni kumtaka asichangie. Kamati ya shule inayoruhusu malipo ya wiki, na inayonunua nafaka kwa jumla wakati wa mavuno bei inaposhuka, ina nafasi kubwa zaidi ya kufanikiwa kuliko ile inayoiga utaratibu wa vijijini.

Michango hiyo ni ya hiari na hutokana na makubaliano ya wazazi. Januari 2018, Rais John Magufuli alipiga marufuku walimu kukusanya michango kwa wazazi, na mwanafunzi hapaswi kurudishwa nyumbani kwa sababu mzazi wake hajachangia. Linalobaki ni gumu zaidi kuliko waraka wowote: mtoto ambaye hakuchangiwa hukaa pembeni akiwatazama wenzake wakila, na aghalabu ndiye aliyeondoka nyumbani bila kunywa hata chai. Kamati makini hulijadili jambo hili mapema, kabla ya sufuria ya kwanza kuinjikwa, kwa kuweka nafasi za watoto wasio na uwezo ndani ya hesabu ya jumla na bila kuwatangaza majina.

Chakula cha kutoka nyumbani kina faida zake. Mzazi anajua kilichomo, na mtoto mwenye mzio au maradhi kama kisukari hupata kinachomfaa. Tatizo kubwa ni muda. Wali wa nazi uliopakuliwa saa 12 asubuhi na kuliwa saa 6 mchana umekaa saa sita katika joto la Dar es Salaam, ilhali chakula kilichopikwa hakipaswi kukaa zaidi ya saa mbili katika joto la kawaida. Hotipoti nzuri inayodumisha joto la nyuzi 60 au zaidi husaidia, mradi chakula kiwekwe kikiwa cha moto sana. Asiye nayo afungashe vyakula vikavu: viazi vitamu vya kuchemsha, chapati, karanga, ndizi mbivu au chungwa. Mchuzi, maziwa na chochote chenye nazi vibaki nyumbani. Maji ya kunywa na sabuni ya kunawia ni sehemu ya mlo huo, ingawa husahauliwa.

Jiko la shule nalo lina masharti. Mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu huota kuvu inayozalisha sumukuvu, ambayo mwaka 2016 ilisababisha vifo katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Ghala la shule lazima liwe kavu na magunia yawekwe juu ya vichanja. Kuhusu nishati, Serikali ilielekeza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku kusitisha kuni na mkaa ifikapo Januari 31, 2024. Kwa hiyo, bajeti ya chakula inapaswa kujumuisha gesi au nishati nyingine safi tangu mwanzo. Kuloweka maharage usiku kucha hupunguza gharama hiyo kwa kiasi kinachoonekana.

Jijini Nairobi, mpango wa Dishi na County ulioanza mwaka 2023 unatumia majiko makubwa ya pamoja yanayosambaza chakula katika shule nyingi, mzazi akichangia shilingi 5 za Kenya kwa mlo na gharama iliyobaki ikibebwa na serikali ya kaunti na washirika wake. Kwa shule za Mbagala au Tegeta zilizobanana, ambazo hazina hata eneo la kujenga jiko, mfano huo unastahili kuchunguzwa.

Mzazi anayetaka shule ya mtoto wake ianzishe huduma hiyo anaweza kuwasilisha hoja kwa kamati ya shule ili ijadiliwe katika mkutano wa wazazi. Ushauri wa kitaalamu hupatikana kwa ofisa lishe wa halmashauri, na miongozo ya lishe huandaliwa kwa kushirikiana na Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania.