Umbali wa anguko

Umbali wa anguko ni urefu ambao kitu kilichoachiwa bila kusukumwa hushuka kwa muda fulani, kikivutwa na graviti peke yake. Kuupata, sekunde huzidishwa kwa zenyewe, kisha kwa mchapuko wa graviti wa mahali hapo (g), na jibu hugawanywa kwa 2: d = ½gt². Uzito wa kitu haumo.

Duniani g ni takriban mita 9.8 kwa sekunde kwa sekunde. Jiwe hushuka mita 4.9 katika sekunde ya kwanza; sekunde ya pili ikiisha limefika 19.6, ya tatu 44.1. Galileo alieleza utaratibu huu katika kitabu chake cha mwaka 1638: hatua za kila sekunde hufuatana kama 1, 3, 5, 7. Hata hapa Duniani g hubadilika, kwa kuwa Dunia huzunguka na imetuna kiunoni. Kwenye Ikweta ni 9.78, kwenye ncha 9.83, kwa sekunde 3 jiwe la Ikweta hubaki nyuma kwa sentimita zipatazo 23.

Mwezini g ni 1.62, karibu sehemu moja ya sita ya hapa. Wengi hudhani basi anguko huchukua muda mara sita. La: ni mara 2.5 hivi tu, maana muda hufuata kipeuo cha pili. Tarehe 2 Agosti 1971 mwanaanga David Scott wa Apollo 15 aliachia huko nyundo ya kilo 1.32 na unyoya wa kozi, kutoka mita 1.6 hivi. Vilitua pamoja. Kanuni inatoa sekunde 1.4, Duniani nyundo ingetumia 0.57, na unyoya ungali unapeperuka, kwani hewa haimo katika hesabu hii.

Kwa sekunde 3, kitu hushuka mita 16.7 kwenye Mirihi (g 3.7) na 111.6 kwenye Mshtarii (24.8), ingawa Mshtarii haina ardhi ya kuangukia, kipimo chake ni cha juu ya mawingu.

Graviti hupungua kadiri mtu anavyopanda, lakini polepole. Kilomita 400 juu, kinakopita Kituo cha Kimataifa cha Anga, g bado ni 8.7. Kila sekunde kituo hicho huanguka mita 4.3 na kusonga mbele kilomita 7.7, katika mwendo huo uso wa Dunia nao umeinama mita 4.3.