Kisesa ni Magu au Mwanza? Hivi ndivyo jiji lilivyovuka mpaka wake

Ukitoka katikati ya Mwanza kwa barabara ya Musoma unapita Mabatini, Buzuruga, Nyakato, Igoma, kisha Kisesa. Njia nzima nyumba haziishi, maduka hayaishi na bodaboda ndiyo kabisa. Lakini ukishafika Kisesa umeshatoka Wilaya ya Nyamagana na kuingia Wilaya ya Magu. Umebadilisha halmashauri bila kujua.

Kwa abiria wa daladala hilo si jambo. Kwa mtu aliyenunua kiwanja Kisesa, au anayefanya biashara Igoma na kulala Bujora, ni jambo kubwa, na makala hii inaeleza kwa nini.

Jiji lenyewe ni lipi?

Watu wengi wakisema "Jiji la Mwanza" wanamaanisha kila kitu kuanzia Buhongwa mpaka uwanja wa ndege. Kiserikali siyo hivyo. Mwanza ilipewa hadhi ya jiji mwaka 2000, na mwaka 2012 Ilemela ikapata manispaa yake. Tangu hapo Halmashauri ya Jiji ina Nyamagana peke yake. Uwanja wa ndege, Rock City Mall na soko la samaki la Mwaloni Kirumba viko Ilemela.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 594,834 Nyamagana na 509,687 Ilemela. Jumla ni zaidi ya milioni 1.1. Magu ilikuwa na watu karibu laki 3 mwaka 2012, na miaka kumi baadaye imevuka laki 4. Hao wametoka wapi? Wengine ni uzazi wa kawaida tu, lakini upande wa Kisesa kuna sababu nyingine: Mwanza imeishiwa ardhi tambarare. Upande mmoja ziwa, upande mwingine mawe. Watu walipanda milima ya Igogo, Bugarika na Mabatini mpaka mawe yakagoma. Aliyetaka kiwanja cha kawaida, gari liingie na kisima kichimbike, alielekea kusini Buhongwa na Usagara, au mashariki Kisesa.

Kisesa ina jambo moja ambalo sehemu nyingi za nchi hazina. Tangu 1994 watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) wamekuwa wakipita nyumba kwa nyumba katika eneo hilo kufuatilia uzazi, vifo, kuhama na maambukizi ya VVU. Nia ilikuwa afya. Ila kwa vile wanaandika nani kaingia na nani katoka, daftari hilo limebeba pia historia ya kijiji kugeuka kitongoji cha mjini. Wenyeji wengine wa Mwanza wanaijua Kisesa kwa Bujora tu, kwenye makumbusho ya Wasukuma na ngoma za Bulabo kila Juni. Kwa sasa ni zaidi ya hapo.

Barabara ndiyo iliyoamua

Angalia ramani kidogo. Lori linalotoka Geita zamani lilisubiri kivuko cha Kigongo hadi Busisi, na foleni ikikubana unakaa saa kadhaa. Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia alizindua Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, na kuvuka sasa ni dakika chache. Wakandarasi walikuwa kampuni mbili za China, CCECC na China Railway 15th Bureau Group, lakini fedha, zaidi ya shilingi bilioni 700, zilitoka Serikali ya Tanzania. Nalitaja hili kwa sababu mitandaoni utasikia "daraja la Mchina". Mchina alijenga, mlipaji ni wewe.

Lori likishavuka linafika Usagara. Pale, badala ya kuingia mjini kugombana na daladala, linachukua barabara ya mchepuo ya Usagara hadi Kisesa, takriban kilomita 17 za lami. Likitokea Kisesa liko kwenye barabara ya Musoma, njia ya Magu mjini, Lamadi, Bunda na mwisho Sirari mpakani na Kenya. Kwa hiyo Kisesa imekaa pale ambapo njia ya Geita, na ya Rwanda na Uganda nyuma yake, inakutana na njia ya Kenya. Gereji, vituo vya mafuta, nyumba za wageni na maghala hufuata sehemu kama hiyo bila kuitwa na mtu.

Upande wa Misungwi kuna jambo jingine linakuja: reli ya kisasa, SGR, ya Mwanza hadi Isaka. Ni kilomita 341 ukijumlisha na njia za kupishania, kwa mkataba wa takriban shilingi trilioni 3.06, nayo inajengwa na kampuni za China, CCECC na CRCC. Jiwe la msingi liliwekwa Juni 2021 na kazi bado haijakamilika. Ikikamilika na kuungana na vipande vingine, mzigo wa Dar es Salaam utashuka Fela, Misungwi, au Mwanza yenyewe, na kuna meli kubwa, MV Mwanza, ya abiria 1,200 na tani 400 za mizigo, iliyoshushwa majini Februari 2023.

Mwanza kuvuta majirani zake hakukuanza jana. Reli ya Tabora ilifika mwaka 1928, na pamba ya Usukuma ikawa inateremkia hapo. Mwaka 1955 wakulima waliunda shirikisho la vyama vya ushirika, VFCU, chini ya Paul Bomani, ili bei ya pamba isiwe mikononi mwa wafanyabiashara wachache. Tofauti ni kwamba enzi hizo Magu ilipeleka pamba mjini na mkulima akarudi nyumbani. Sasa mji wenyewe umemfuata nyumbani.

Vitu vilivyoungana, na visivyoungana

Hapa ndipo penyewe. Ukiangalia vizuri, Kisesa na Mwanza zimeungana kwenye kila kitu kinachosimamiwa na taasisi ya kitaifa au ya mkoa. Barabara kuu ni ya TANROADS, za mitaa ni za TARURA, umeme ni TANESCO. Leseni za daladala ni LATRA. Maji ni MWAUWASA, ambayo kazi yake imevuka mipaka ya jiji mpaka Magu na Misungwi, na chanzo kipya cha Butimba chenye uwezo wa lita milioni 48 kwa siku kilijengwa kwa hesabu hiyo hiyo. Taasisi hizi hazijali kama wewe ni wa Nyamagana au wa Magu.

Visivyoungana ni vile vinavyobaki halmashauri: kupima viwanja, masoko, taka, leseni za biashara, ushuru.

Chukua mfano wa mama mwenye duka Igoma anayeishi Kisesa. Leseni yake na ushuru wa huduma vinaingia Halmashauri ya Jiji. Watoto wake wanasoma shule iliyo chini ya Magu. Mishahara ya walimu inatoka Serikali Kuu, sawa, lakini choo kikijaa, darasa likipungua, au taka zikirundikana nyuma ya nyumba, anayeulizwa ni Magu, ambayo haijaona hata senti ya duka lile. Zidisha mama huyo mara maelfu. Utaelewa kwa nini eneo linakua kwa kasi ya jiji huku likihudumiwa kwa mapato ya wilaya ya wakulima, ambayo sehemu yake ni ushuru wa mazao: pamba, mpunga, dengu, choroko.

Kuna na hili la mikopo. Kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mfuko unatokana na mapato. Halmashauri yenye maduka mengi na viwanda vya samaki ina mfuko mnene, ya jirani ina mwembamba, hata kama wanakikundi wote wanauza soko moja.

Na umbali. Ofisi za wilaya ziko Magu mjini, kiasi cha kilomita 60 kutoka Mwanza. Mkazi wa Kisesa anaweza kuona taa za jiji usiku, lakini akiwa na shida ya ofisi ya ardhi anageuza mgongo kwa jiji na kupanda gari la kwenda Magu.

Guangzhou na Foshan walifanyaje?

Mfanyabiashara yeyote aliyewahi kufuata mzigo China anaijua Guangzhou kwa nguo na viatu, na Foshan kwa vigae na fanicha. Ukiwa pale huoni mji mmoja unaishia wapi. Guangzhou ilikuwa na watu karibu milioni 18.7 kwenye sensa yao ya 2020, Foshan milioni 9.5. Ni majiji mawili yenye serikali mbili, na yamebaki mawili mpaka leo.

Mwaka 2009 walisaini mkataba wa ushirikiano wa kuendesha mambo kama mji mmoja: usafiri, mazingira, mipango, viwanda. Mwaka 2010 treni ya chini ya ardhi ya kwanza kati ya majiji hayo ilianza kazi. Mtu akaweza kulala Foshan, ambako nyumba ilikuwa nafuu, na kufanya kazi Guangzhou. Mkubwa hakummeza mdogo.

Nakubali kulinganisha kuna mwisho. Foshan ilikuwa na viwanda vyake na pesa zake, ikakaa mezani kama mwenzake. Magu ikikaa mezani na Jiji itakuwa na nini mkononi? Ardhi, basi. Ndiyo maana ikiuzwa yote vipande vipande bila kupimwa, bila kuacha nafasi ya barabara, shule na soko, Magu itakuwa imetoa karata yake pekee.

Hapa nyumbani tuna mfano wetu. Dar es Salaam iliwahi kuwa na Halmashauri ya Jiji juu ya manispaa zake, ya kuratibu yale ya pamoja. Februari 2021 Rais Magufuli aliivunja na Ilala ikapandishwa kuwa jiji. Hoja ilikuwa kwamba chombo kile hakikuwa na eneo lake la kuhudumia ila kilikula michango ya wengine. Hoja ina uzito. Ila kazi ya kuratibu haikufa kwa sababu chombo kimekufa, na daladala ya Dar bado inavuka manispaa tatu kwa safari moja.

Mwanza ina mpango kabambe wa 2015 hadi 2035, ulioandaliwa na kampuni ya Surbana ya Singapore. Mpango ni karatasi nzuri. Kinachokosekana ni meza ambayo Nyamagana, Ilemela, Magu na Misungwi wanakaa wakiwa na bajeti, siyo kikao cha ushauri cha mkoa kinachoisha kwa maazimio. Vijiweni utasikia suluhisho rahisi: Kisesa ihamishiwe jijini. Inawezekana. Lakini Magu ilishamegwa mara moja, Busega ilipotoka mwaka 2012 kwenda Mkoa mpya wa Simiyu. Ukiitoa na Kisesa, unaiondolea sehemu inayokua kuliko zote na kuiachia mashamba. Kwa maoni yangu, kugawana mapato ya eneo la mpakani kungekuwa na maana zaidi kuliko kuhamisha mpaka, maana mpaka ukisogezwa leo mpaka Kisesa, miaka kumi ijayo tutakuwa na mjadala huu huu kuhusu Nyanguge.

Kama unataka kununua kiwanja upande huo

Swali la kwanza siyo bei. Uliza kama ardhi ile bado ni ya kijiji au imeshaingia kwenye mipango miji. Kama ni ya kijiji, inasimamiwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, na uuzaji unahitaji kibali cha halmashauri ya kijiji. Mhuri wa mwenyekiti peke yake, bila kikao, hautoshi. Kama imeshatangazwa eneo la mipango miji, inaongozwa na Sheria ya Mipango Miji ya 2007: uliza ramani ya upimaji, namba ya kiwanja na matumizi yaliyopangwa. Wapo walionunua "kiwanja" ambacho kwenye ramani ni barabara.

Uliza pia hifadhi ya barabara kuu, maana kwenye mchepuo wa Usagara na njia ya Musoma kila mtu anataka fremu inayotazama lami. Majibu ya haya yote yako ofisi ya ardhi ya Halmashauri ya Wilaya, Magu mjini. Ukitokea Kisesa, panda gari la upande wa pili wa barabara.